Majibu ya Mama Mkwe

Kliniki moja ya ugonjwa wa sukari hapa Machakos ilinipa hojaji ya kigeni niifanye iwafae wagonjwa wanaozungumza Kikamba. Niliambiwa imeshatafsiriwa kwa Kihispania. Nikajiambia, kama Wahispania waliweza, mimi mwalimu wa lugha nitashindwaje? Nikaondoa jibini, nikaweka muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Maswali yote yalifanana: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi umekula mboga, umemeza dawa, umeangalia nyayo zako? Ilibaki kuyajaribu kwa wagonjwa wachache.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe wangu, kule Mitaboni. Mke wangu alinionya kabla hatujatoka nyumbani Mumbuni.

"Hayo maswali niachie mimi. Wewe utamuuliza mama mambo ya miguu?"

Nilimcheka. Nikamwambia hii ni sayansi, si mambo ya ukoo. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aguse kazi yangu.

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hawayataji kabisa. Heshima hiyo huitwa nthoni, nami nimelelewa nayo. Mama aliketi kando ya mlango akinipa bega, leso imemfunika hadi chini. Nikasoma swali la mboga.

"Saba," akasema.

Dawa? Saba. Mazoezi? Saba. Nilipofika kwenye nyayo, aliivuta leso kidogo.

"Saba, mwanangu. Kila siku."

Nilijua si kweli. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Hakuna mgonjwa mwingine aliyenijibu saba kila swali, na kwenye pindo la leso niliona doa bichi, la manjano. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua chache tu, namsikia akipuliza moto. Ningemwita, angefunua leso ile bila kumvunjia mama heshima. Lakini kumwita kungekuwa kukiri kwamba alisema kweli, na mimi kushindwa hoja na mke wangu huniwasha kama upupu. Nikaandika saba. Nikanywa chai vikombe viwili, nikashukuru, tukaondoka.

Haukupita mwezi, mama akakatwa mguu chini ya goti. Kidonda kilikuwa kisiginoni, na daktari alisema kilikuwa cha muda mrefu. Majirani walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na bahati yake kimechukua mguu tu. Niliitikia kwa kichwa, kana kwamba aliyeficha alikuwa yeye peke yake. Lile doa sijamwambia mtu.

Tulipokwenda kumwona hospitalini, nilisimama mlangoni mwa wodi kama inavyompasa mkwe. Shuka ilikuwa imelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa. Mama aliponisikia nikisalimu, aliugeuza uso ukutani, akamwambia binti yake, kwa sauti niliyoisikia vizuri:

"Muulize kama majibu yangu yalimfaa. Nisije nikawa nimemharibia kazi."

Mke wangu hakuniuliza. Alinitazama tu, akangoja.

"Yalifaa, mama," nikasema.