Gazeti Liliponipa Kazi

Nililinyakua gazeti kwenye meza ya karani wa naibu wa chifu, nikalirarua mbele yake. Mtoto mgongoni akaanza kulia, nami nikaendelea kurarua. Karani alikuwa ametoka tu kupiga mstari juu ya jina langu katika orodha ya watu waliomaliza kidato cha nne na hawana kazi. Ghala la mahindi la hapa Kitale lilitaka karani wa mizani, na angechaguliwa kutoka kwenye orodha hiyo. Mimi nilikuwa nimengoja tangu kabla ya mimba. Kabla sijalinyakua gazeti, karani alikuwa amenionyesha ukurasa:

“Si wewe una kazi, mama? Picha ndiyo hii. Ama gazeti linadanganya?”

Nilimwambia linadanganya. Lakini si lote, na hapo ndipo paliponichoma.

Aliyepiga picha ile tulikaa dawati moja sekondari, Bungoma. Hesabu alikuwa ananakili kwangu. Kwenye mtihani nilimpita, kisha mimi nikaolewa huku Kibomet, yeye akaingizwa gazetini na mjomba wake. Siku ya mavuno alishuka kwenye gari shambani kwa tajiri mmoja, kamera shingoni, viatu havijui matope. Mimi niko kwenye rundo la mahindi, napiga gunia kwa fimbo ili mahindi yapukuchuke, makapi hadi kwenye nyusi. Sitaficha: nilimwonea wivu hata kabla hajafungua mdomo.

“Ai, dada, kumbe uko huku? Siku hizi unafanya nini?”

Ningesema nini? Kwamba nimeitwa siku mbili tu, halafu narudi kukaa? Nimwambie yule?

“Niko na kazi ya kudumu, bana,” nikasema. “Hawa wote nawasimamia mimi.”

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza, “Madam, basi chai yetu iko wapi?” Yule wa kamera akaandika tu.

Nyuma yake, nje ya lango, walikuwa wamekaa wanawake waliorudishwa asubuhi kwa kuwa tulishajaa, wengine wametoka Tongaren kwa miguu. Hakugeuka hata mara moja.

Basi gazeti likatoka: ati ukosefu wa kazi umepungua Trans-Nzoia, takwimu zimeonyesha, na ushahidi ni mimi. Mstari mdogo chini kabisa ulisema amehesabiwa kuwa ana kazi kila aliyefanya kazi hata siku moja juma lile. Juma la mavuno! Juma hilo kwetu hata bibi kizee huitwa. Si wangekuja Februari, mashamba yakiwa yamelala? Na jina la mwandishi lilikuwa juu, kwa wino mzito. Mimi niliitwa “mama mchapakazi”.

Nilipeleka barua mwenyewe hadi ofisi ndogo ya gazeti hilo Bungoma, nikadai nakala yangu ipigwe mhuri. Yule wa dawati moja alikuwepo, akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Niliandika hivi:

Kwa Mhariri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HABARI YA AJIRA TRANS-NZOIA

Mwanamke aliye pichani ni mimi. Sina kazi. Nilipukuchua mahindi siku mbili. Nilimwambia mwandishi wenu nina kazi ya kudumu. Nilimdanganya kwa sababu nilimwonea wivu. Kosa hilo ni langu. Yeye hakumwuliza mwenye shamba, wala wanawake waliokuwa langoni. Kosa hilo ni lenu. Naomba msahihishe katika ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, na mseme wazi kwamba watu walihesabiwa juma la mavuno.

Nakala kwa naibu wa chifu, ili arudishe jina langu.