Gadiani wa Mke Wangu

Neno guardian nilikuwa nalifundisha kwa mbwembwe. Kule Bukavu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, niko fundi cherehani, lakini ualimu ni ugonjwa usiopona, kwa hiyo jioni, kanisani kwetu, nilikuwa nawafundisha watu wazima Kiingereza. Si kile cha sokoni, hicho walikuwa nacho tayari. Walitaka Kiingereza cha ofisini, yale maneno yanayovaa koti na tai, na mimi, Mungu anisamehe, niliyapenda kuliko cherehani yangu.

Siku ya guardian darasa lilichangamka. Niliandika neno ubaoni, nikauliza maana. Mmoja akasema mlinzi, yule wa getini mwenye rungu. Aka! Nikamwambia huyo analinda geti, huyu analinda mtu. Nikaeleza kwamba kwa Kifaransa ni tuteur, anayesimama mahali pa mzazi. Mtoto akifika kambini hana baba hana mama, jirani akamchukua, huyo jirani ni guardian. Mtoto akipigana shuleni, anayeitwa na mkuu wa shule ni guardian, hata awe shangazi. Mama mmoja wa Burundi aliyekaa nyuma akanikatiza. "Mwalimu, na ya ku hospitali je? Hapa Malawi ule mwenye kukulalia ku hospitali, anakupikia, anakuosha, njo banaita gadiani." Kwao Burundi, akasema, ni umurwaza. Sisi wa Bukavu tukadakia kwamba kwetu ni garde-malade. Basi nikaliandika na hilo, na darasa zima likaanza kusimulia visa vya hospitali mpaka somo likafa.

Tangu hapo sote tulisema gadiani, na kila mtu alijua ni nani. Hospitali za hapa mgonjwa halazwi hivihivi. Nesi ana wagonjwa wengi, hawezi kumpikia uji kila mmoja, wala kumfulia, wala kumgeuza. Lazima aje na mtu wake. Swali la kwanza mlangoni si unaumwa wapi, ni gadiani yuko wapi.

Mke wangu figo zilipomchoka, kliniki ya kambini ilimwandikia kwenda hospitali ya Lilongwe. Garini alinishika shati. Hakuwa mtu wa kulialia, yule mwanamke. Alikuwa anauza mandazi na kugombana na wateja kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini siku ile alinivuta karibu. "Mi siogope kufa," akasema. "Naogopa kufia katikati ya bantu benye hatusikilizane luga. Usiniache."

"Nitakuacha niende wapi?" nikamwambia. "Mi njo gadiani yako."

Tulikuwa na dada mmoja wa kanisa, alikuja nasi kusaidia kubeba vyombo. Mlangoni mwa wodi nesi akauliza lile swali. Nikajibu, ni mimi. Akanitazama, akamtazama dada, kisha akaniita baba kwa Chichewa, kwa wingi wa heshima, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Abambo, hii ni wodi ya wanawake. Nyinyi mtaingia saa za kuona wagonjwa, mtatoka. Usiku wanalala wanawake tu."

"Ni mke wangu."

"Najua, abambo."

Nilipandisha hasira. Nilisema Kiingereza changu chote cha koti na tai pale mlangoni. Nilimwambia guardian ni mtu, hana jinsia, afungue kamusi yoyote anayotaka. Nesi akangoja nimalize. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi nusu, niliona mama mmoja mzee anaoshwa kitandani, uchi, ametazama ukutani. Nikageuza macho. Ningekuwa na dada yangu mle ndani hata mimi nisingetaka mwanamume alale humo. Lakini kuelewa hakukunisaidia kitu.

Basi yule dada ndiye akawa gadiani, akatandika mkeka chini ya kitanda. Mimi nililala kwenye baraza ya kibanda cha magadiani, nje ya hospitali, na mchana nilipika uji kwenye mafiga katikati ya wanawake wa Malawi walionicheka hadi machozi. "Abambo wanapika!" Nikawaambia ningeweza hata kuwashonea kama wangeleta vitambaa. Waliniazima mwiko. Saa ya kuona wagonjwa ikifika nilikuwa wa kwanza mlangoni, nikimlisha mke wangu, nikimpa habari za kambini, nusu yake nimetunga ili acheke.

Kisha mtoto wa yule dada akashikwa na malaria huko kambini. Alilia akiniaga, na mimi nikamwambia kimbia, mama, nenda kwa mtoto wako. Sasa nimtafute nani? Sisi tulizaa wavulana watupu, wametawanyika, na dada zake mke wangu wote walibaki Bukavu. Nilipiga simu kanisani. Wakasema mwanamke mwingine yuko tayari kuja, anangoja kibali cha kutoka kambini. Nikashuka mpaka mtaa wa Chilinde, humo humo Lilongwe, kwa fundi mwenzangu Mkongomani. Mke wake alikuwa amejifungua juzi tu, yuko kitandani na yeye. Nilirudi kwa miguu, nimejaa hasira, nikiwa sijui nimkasirikie nani.

Kitanda cha jirani na cha mke wangu alilala bibi mmoja, na gadiani wake alikuwa binti yake, mwanamke mnene wa mtaa wa Area 23 anayeuza nyanya. Saa ya jioni aliniona nimekaa nimeshika kichwa. Akasema Chichewa chake polepole ili nipate kufuata. "Abambo, nendeni mkalale. Wangu wawili sasa. Nitawaosha wote."

Hakuwa na sababu yoyote ya kunifanyia hivyo. Nilimpigia magoti kama wafanyavyo kwao, nikamshukuru kwa lugha yake, zikomo, zikomo kwambiri, akaona haya, akaniinua. Kisha ualimu ukanipanda. Nilimkalisha nikamfundisha Kiswahili cha lazima. Maji. Inauma. Nigeuze. Alirudia vizuri, na mke wangu akacheka pale kitandani, kicheko kidogo kikavu. Akasema huyo mwanafunzi ananishinda mimi kwa matamshi.

Ilikwenda hivyo siku kadhaa. Simu yetu ilikuwa moja, nilikaa nayo mimi, kungoja habari ya kibali. Kila nikiaga jioni mke wangu alinitazama tu. Hakunikumbusha alichosema garini. Afadhali angenikumbusha, angenigombeza kama alivyowagombeza wateja wake, ningekuwa na la kujibu.

Asubuhi moja nilifika mlangoni na kikombe cha uji. Muuza nyanya alikuwa amesimama nje ya wodi, kitenge amekifunga kifuani, ananingoja. Sikuhitaji kuambiwa. Nakumbuka nilitafuta mahali pa kuweka kile kikombe, na hapakuwa na mahali, nikabaki nacho mkononi.

Alikuwa ameshamwosha. Alikuwa amemfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, amemfumba macho, amemnyoosha miguu. Kazi yote. Hata dada zake wa tumbo moja wasingemtengeneza vizuri zaidi. Tuliketi kwenye benchi ukumbini, akalia, nikalia na mimi, mwanamume mzima, watu wanapita na ndoo zao.

Kisha nikamuuliza ilikuwaje.

Akasema hakuteseka sana. Akasema alfajiri mke wangu alimshika mkono akaanza kuongea. Aliongea sana, abambo, akatulia, akaongea tena, kwa sauti nzuri kabisa, anamtazama usoni kama watu wanaojuana.

"Alisema nini?"

"Sijui, abambo. Ni lugha yenu." Alifuta macho kwa kiganja. "Nilisikiliza kama anataka maji. Hakusema maji. Hakusema inauma. Alisema mengine. Mimi nilimjibu tu, eee, amayi, eee, ili aone kuna mtu."

Nikamwambia aksanti. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikasahau kubadilisha. Nilikuwa nataka kuacha hapo, nisimwongezee mzigo yule mwanamke wa watu, lakini nilishindwa. Nikamuuliza kama katika yale mengi aliniita.

Kwetu mke hamwiti mumewe jina lake. Anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Papa fulani, na mke wangu aliniita hivyo tangu kijana wetu alipozaliwa. Muuza nyanya hakuwahi kulisikia. Saa za kuona wagonjwa mimi nilikuwa pale pale kitandani, nani angeniita?

"Alikuwa anawaita nyinyi nani, abambo?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akalirudia taratibu kwa matamshi yake mazuri, amefumba macho, anatafuta. Alitaka sana liwe limo. Akalirudia mara nyingine. Kisha akafumbua macho na kuniambia hawezi kunidanganya.