Vidonge vya Mdogo Wangu Fundi

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mama yetu mzazi. Alipoanza kulia bila kufiwa, akaacha nguo za wateja zirundikane, mume wake akampeleka hospitali. Wakarudi na vidonge. "Ni dawa mpya za sonona," shemeji akaniambia, meno yote nje kama aliyenunua redio. Sonona! Jina zuri, lakini mimi si mtoto mdogo.

Shangazi yetu alipewa dawa za ugonjwa wa akili enzi zile. Akawa anashinda mlangoni, mate yanamtiririka, ukimsalimia anakutazama tu. Kwa hiyo nilimvizia Fundi. Nilimchungulia macho, nikanusa chai yake, nikamuuliza jina langu ghafla ili kumtega. "Dada, acha vituko," akasema. Vidonge havikumlaza, na hapo ndipo nilipozidi kushtuka: dawa isiyolaza mtu inafanya nini huko ndani? Baada ya wiki kadhaa akaanza kucheka na kupiga soga na wateja, cherehani hainyamazi. Nikajiuliza, haya, kicheko hicho ni chake au cha kidonge?

Kumbe naye alikuwa na mawazo yake. Fundi akishona gauni hupiga bandi kwanza, ule uzi wa kushikilia kitambaa kwa muda. Mashine ikishapita, anaufumua. Sasa akajiona ameshashonwa. Akavitupa vidonge chooni bila kumwambia daktari. "Bandi haiachwi kwenye nguo, dada. Watu watakucheka." Nami nikampongeza! Nilifurahi kweli.

Hazikupita siku nyingi, nikamkuta dukani kwake, kitambaa chini ya sindano, mguu juu ya pedali, hashoni. Mteja kamsubiri mpaka kaondoka zake. Nikamwita. Nikamshika bega.

"Dada, sitaki tena kuamka," akasema.

Niliogopa, nisikudanganye. Mkasi wake nikautia kwenye mkoba wangu, nikafunga duka, nikamkokota hadi kwa daktari.

Daktari, binti mdogo tu kwa umri, hakutugombeza. Alisema dawa ile huachwa kidogokidogo, tena kwa kuelekezwa, na mtu akijisikia vizuri ndiyo kwanza inafanya kazi. "Itamlevya?" nikambana. "Itamfanya kama shangazi yetu?" Akanijibu moja moja, akakiri kwamba si kila mtu inamfaa, na isipomfaa Fundi watambadilishia. Nilimkazia macho, sikupata pa kumshika.

Siku hizi kila asubuhi naenda kwake kumpa kidonge na maji kwa mkono wangu. Ananinunia.

"Fungua mdomo nione. Inua na ulimi."

"Dada, si ulisema vidonge hivi huviamini?"

"Siviamini hata leo," nikamwambia, na machozi yakanitoka bila kuyaita. "Lakini nakutaka wewe. Meza."