Simu ya Stesheni na Tochi ya Jemadari

Sisi tuliokulia kwenye stesheni ndogo za reli, siku za Mwingereza, hatukuwa na televisheni wala hatukujua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani, lakini tulikuwa na Dada Zuhura. Wenzangu wa rika langu mlioishi kati ya Kaliua na Usinge mtanielewa. Treni ya abiria ilipita mara chache kwa wiki, ya mizigo ilipita inapojisikia, na katikati ya hapo palikuwa na pori, nyuki, na watoto wa wafanyakazi wa reli wasio na la kufanya. Jina la stesheni yetu silitaji. Baba ndiye aliyekuwa stesheni masta pale, na ameacha wajukuu wengi wanaojua kusoma.

Tulikuwa na nyumba nne za matofali, tangi la maji ya injini, na ofisi yenye dirisha moja. Nyuma ya nyumba yetu ilipita ile njia ya zamani ya misafara. Babu yake bibi yangu aliipita mara nyingi akitoka Ujiji na pembe begani, lakini kwetu sisi ilikuwa njia ya kwendea kisimani tu. Tulicheza rede na kombolela. Tuliweka misumari juu ya reli ili treni itutengenezee visu, na kwa hilo tulichapwa. Tulikula nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, mpaka tukaichukia, na asubuhi tulikunywa chai kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, vitamu kama asali. Leo nikiwapa wajukuu wangu matobolwa wanayageuzageuza kama mtu anayekagua viatu vya mtumba. Halafu wananiuliza kama kuna mkate.

Dada Zuhura alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Alisoma Tabora mjini, akikaa kwa bibi, na kila likizo alishuka kwenye treni na sanduku la bati na hadithi mpya. Mjini palikuwa na jumba la sinema la Mhindi mmoja, na mjomba wetu, fundi cherehani, alikuwa akimpeleka Jumapili mchana. Picha zilikuwa za mfululizo, za watu waliopanda chombo wakaenda kwenye nyota, na zilikuwa za Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Zuhura alijua Kiingereza cha shule, maneno ya kuhesabu kwa vidole. Yaliyobaki aliyatunga mwenyewe, na sidhani kama tulipoteza kitu.

Alitusimulia alasiri, tumekaa kwenye jamvi tukimenya karanga. Shujaa wake alimwita Jemadari. Jemadari alikuwa na mkanda wa kupaa, na saa ya mkononi ambayo akiisemesha wenzake walioko chomboni wanamsikia, na tochi ambayo mwanga wake unayeyusha chuma. Pamoja na vyote hivyo, kila mara alitekwa. Alifungiwa kwenye chumba cha chuma, naye akausukuma mlango kwa bega mpaka jasho likamtoka, na sisi kwenye jamvi tunasukuma naye.

Hapo ndipo Baba alipokuwa akitokea. Alikuwa na kawaida ya kuja nyumbani kunywa chai kati ya treni na treni, na alisimama mlangoni na kikombe chake, kofia ya reli kichwani, akisikiliza kama hasikilizi.

"Tochi anayo?" alikuwa akiuliza.

"Anayo, Baba."

"Na saa ya kuita wenzake?"

"Anayo."

"Basi afe tu. Huyo kazi haiwezi. Kwenye reli angeshafukuzwa."

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Zuhura alimtetea mtu wake, labda tochi imelowa, labda saa imesimama, na Baba alimaliza chai akarudi kazini anatikisa kichwa. Kwa wiki nzima tulikuwa tunaulizana hivyo hivyo. Mtu akitafuta ndoo kisimani huku ameishika mkononi, tulimwuliza tochi anayo.

Wajukuu wangu leo wanafanya mchezo ule ule bila kujua. Wanajilaza kwenye makochi wanatazama picha za watu wa angani kwenye televisheni, na kila baada ya dakika tano wanapiga kelele: "Bibi, mwone huyu! Ana mashine ya kumrudisha nyumbani kwa kufumba na kufumbua, na bado anakimbia kwa miguu!" Wanasema watunzi wa siku hizi ni wavivu. Huenda. Ila hao wakosoaji wenyewe wana simu zinazojua kila kitu chini ya jua, na wasipoiona chumvi jikoni wanamwita bibi.

Sasa niwaeleze simu yetu. Ofisini kwa Baba palikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, ipo juu ya meza karibu na taa. Waya ulikuwa mmoja, na stesheni zilizoutumia zilikuwa kumi na mbili, kwa hiyo ukiinua chombo ukasema neno, stesheni zote kumi na mbili zinaweza kukusikia. Mwisho wa waya alikaa mtu tuliyemwita Bwana wa Tabora, Mzungu aliyeamua treni ipi ipite na ipi ingoje. Hatukumwona hata siku moja. Sauti yake ilitufikia kupitia dirishani, inakwaruza, na Baba alipoongea naye alisimama wima, hata akiwa peke yake ofisini. Baba alituambia mara nyingi, "Simu hii ni ya treni. Si ya watu." Hatukuthubutu hata kuipangusa vumbi.

Likizo moja ya kiangazi, miaka michache kabla ya Uhuru, Mama alikuwa mjamzito, na uchungu ulimwanza alfajiri. Mimi nilikuwa na miaka minane. Alikuja Bi Kalunde, mkunga wa kijiji cha jirani, mwanamke mrefu aliyewapokea nusu ya watoto wa upande ule, na Mama yangu alimwamini. Mnamo saa nne asubuhi alitoka ndani, akafuta mikono kwenye kanga, akamwita Baba pembeni. Sauti yake haikuwa ya pembeni, nikasikia.

"Baba Zuhura, mtoto amelala kingamo, kichwa hakiko chini. Mimi hapa nimefika mwisho. Huyu anataka hospitali, na aende leo."

Baba alimwita Saidi, aliyekuwa akibadilisha njia za treni, akampa baiskeli yake mwenyewe na kumwambia akamlete muuguzi wa zahanati ya misheni. Saidi akashika ile njia ya zamani ya misafara. Kwenda tu ilikuwa mwendo wa nusu siku. Baba akarudi ofisini, akakaa humo kwa muda, na saa tano akatoka na bendera ya kijani.

Treni ya mizigo ya kwenda Tabora ikapita. Nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji, na nakumbuka mlinzi wa treni aliyekaa behewa la nyuma alitupungia mkono kama kawaida yake. Kelele za treni zilizifunika kelele za Mama, kisha treni ikaishia porini na kelele za Mama zikabaki. Sikuwaza chochote. Treni ilikuwa treni, Mama alikuwa Mama, na mimi nilikuwa mtoto.

Ilipofika saa nane Mama alinyamaza, na kunyamaza kule kulitutisha kuliko kulia. Baba alikuwa akitembea kutoka ofisini mpaka nyumbani, nyumbani mpaka ofisini, akiuliza, "Saidi bado?" huku akijua vizuri kwamba Saidi wakati ule hajafika hata huko anakokwenda. Ndipo Zuhura akatoka ndani. Alikuwa na miaka kumi na minne, kanga imemlowa kwa kushika maji, macho mekundu. Akamzuia Baba njiani. Siku zile mtoto hakumzuia baba yake njia, mnajua wenyewe.

Akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, tochi unayo."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Baba uliinuka na mimi nikafumba macho nikijua atampiga. Nilipofumbua, Baba alikuwa anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia maishani, na sikumwona tena. Tukasikia simu ikizungushwa, halafu sauti yake kwa Kiingereza, inakatika, inaanza upya. Zuhura alisimama dirishani, na kwa Kiingereza chake cha vidole alielewa. Aliniambia baadaye kwamba Bwana wa Tabora aliuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia wakati wa ile treni ya saa tano? Kisha akaamuru injini iliyokuwa ikivuta kokoto stesheni ya jirani iache mabehewa yake ije kwetu mara moja, na njia yote iwekwe wazi mpaka mjini.

Haikupita saa moja ikawa imefika. Wanaume wanne walimbeba Mama kwenye kitanda cha kamba, na Bi Kalunde, ambaye hakuwahi kupanda treni, alipanda bila kuuliza inaanzia wapi kupandwa. Waliondoka jua bado kali.

Mama alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Mdogo wetu, mtoto wa kiume, hakurudi naye. Waliomzalisha walimwambia Mama kwamba mtoto hakuwa amekufa siku nyingi, ni saa chache tu. Nyumbani kwetu hakuna aliyezihesabu saa hizo kwa mdomo, lakini kila mmoja alizihesabu. Saidi alikuwa amerudi kesho yake na muuguzi, wakakuta nyumba haina mgonjwa, muuguzi akapewa chai akaondoka. Baba hakuadhibiwa wala hakuandikiwa barua. Bwana wa Tabora hakulitaja tena jambo lile. Zuhura alimaliza likizo bila kusimulia hadithi, na Baba akawa anakunywa chai yake ofisini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba aliisahau ile simu. Nitasema ukweli, nilimdharau. Nilisema moyoni, mtu aliyewacheka mashujaa wa sinema kwa kusahau vyombo vyao, chombo chake kiko mezani na yeye anatuma baiskeli. Niliolewa na dharau ile, nikazaa nayo, nikalea nayo.

Baba alipostaafu alikaa Tabora mjini, na siku moja nilipomtembelea tulikuwa wawili tu barazani, nikimmenyea machungwa kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mama alikuwa ameshafariki. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwuliza, "Baba, siku ile ya Mama, uliisahau simu?"

"Sikuisahau, mwanangu. Tangu saa nne nilikuwa naitazama."

"Sasa ilikuwaje?"

"Stesheni kumi na mbili zinasikiliza. Wanaume watupu, na wengine wakwe zangu. Na yule Bwana. Ningesema nini? Mke wangu, mtoto amemlala kingamo tumboni? Maneno kama hayo mimi sijayasema hata mbele ya kaka yangu. Nilikuwa natafuta namna ya kuyasema." Akapokea kipande cha chungwa, asikile. "Treni ikapita bado natafuta."

Nililia pale pale, chungwa mkononi. Dharau iliniishia siku ile, na nilichobaki nacho ni huruma, nayo ni nzito zaidi. Tangu hapo wajukuu wakimcheka mtu wa kwenye televisheni aliyeishika mashine na haitumii, mimi namwangalia usoni, nione anamwogopa nani au anamwonea nani haya. Mara nyingi haonyeshi. Hapo nakubaliana nao kwamba mtunzi ni mvivu.

Sisemi haya ya enzi zetu ilikuwa mbaya yote. Mambo ya mwili wa mwanamke yalikaa ndani ya nyumba ya mwanamke. Mwanamume alibisha hodi, akangoja, akainamisha macho. Mimi nayakosa sana hayo. Siku hizi haya imekwenda wapi sijui. Mwaka juzi mjukuu wangu Rehema alishikwa na uchungu huko Kaliua, na mume wake, kijana mwenye nywele zilizochongwa kama ua wa michongoma, akatangaza kwenye kundi la ukoo kwenye simu kwamba njia imefunguka sentimita nne na maji yamemwagika kitandani. Kundi lile lina wajomba, lina wakwe, lina mwalimu wa madrasa aliyeingizwa kwa ajili ya michango ya harusi na akasahaulika humo. Mashangazi waliwaka. Wakanipigia mmoja baada ya mwingine, Bi Mkubwa, mkanye huyu kijana, anatuaibisha.

Nikampigia.

"Shikamoo Bibi," akasema, anahema. "Samahani Bibi, najua nimekosea, nimechanganyikiwa tu."

"Marahaba. Gari la hospitali umeliita?"

"Nimepiga mara tatu, Bibi. Wanasema liko njiani."

"Piga tena," nikamwambia.