Udongo Usiotuliwa Njiani

Rafiki yangu aliweka simu mezani, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka korongo likajaa kwenye kioo chote. Tulikuwa sebuleni kwetu, Ipogolo. Mama alikuwa kwenye mkeka wake pembeni, anachambua mchele. Tangu kaka afe, mama hakulala tena kitandani. Mkeka ule ndio uliokuwa chumba chake.

Kaka alilima viazi huko milimani kwa wajomba, na mpunga ukikomaa alishuka Usangu kufanya vibarua. Alipita njia ya mkato inayovuka korongo: asubuhi unatoka na sweta, jioni unafika tambarare umelivua. Mwaka ule mvua zilikawia kuisha. Mwenzake aliyetangulia kuvuka aligeuka, akaona maji yanamchukua, pale mto unapokunja chini ya jiwe kubwa jeusi. Watu walimtafuta mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Walipata kiatu kimoja.

Kwa watu wa mama, mtu asiyepatikana huletwa kwa udongo. Ndugu wa damu huenda mpaka pale alipoishia, humwita kwa jina, huchota udongo, huufunga kwenye kitambaa cheupe na kuuleta nyumbani ukazikwe. Hapo ndipo matanga yanaanuliwa na mama wa marehemu anarudi kitandani kwake. Sharti ni moja: ukishachotwa, udongo hautuliwi chini mpaka nyumbani. Ukiutua njiani, umemwambia marehemu kwamba amefika.

Mimi siamini mambo haya. Chuoni nilizoea kuuliza kila kitu kimetoka wapi na kinamnufaisha nani, na tabia hiyo imenigombanisha na wachungaji, na wajomba, na mwajiri wangu wa kwanza na wa mwisho. Lakini nilikuwa nimemwona mama akilala sakafuni Julai, mwezi ambao Iringa hata blanketi mbili hazitoshi, na kuhusu hilo sikuwa na swali la kuuliza.

Kwa hiyo tulipanga safari. Rafiki yangu ni mtu wa Idodi, huwatembeza wageni porini, na ndiye aliyeazima hema na kamba, na mwenye akili ya kazi hiyo. Kushuka kungechukua siku nzima. Jiwe tungelifikia kesho yake. Kutoka hapo, kwa kuwa njia ya mkato ilikuwa imeporomoka, ingetubidi tuufuate mto kisha tupandie upande wa Usangu, na tungelala mara mbili kabla ya kufika barabarani.

"Maharage yaache," alisema. "Yanachelewa kuiva. Chukua unga wa uji, dagaa, karanga. Na usibebe jinzi, zikilowa zinakuwa kama mtu mzima mgongoni."

"Udongo nani atabeba?" mama aliuliza. Hakuinua kichwa.

"Mimi, mama."

"Usiku?"

Hilo hatukuwa tumelipanga.

"Nitaufunga kifuani nilale nao," nilisema.

"Ukilala naye umemlaza. Akilala huko, kwake ni huko."

"Basi tutautundika kwenye mti. Mtini si chini."

Mama aliacha kuchambua. "Utamtundika mwanangu kama nyama ya buchani?"

Rafiki yangu aliangalia dirishani. Nilisema basi nitakaa macho usiku zote mbili, mbona wakati wa mitihani nilikuwa nakesha.

"Na ukienda chooni?" aliuliza rafiki yangu.

"Utanishikia."

"Mimi si damu yenu. Halafu sikiliza, mwanangu, mtihani hauna genge la kuangukia. Siku ya mwisho tunapanda na kamba. Mtu ambaye hajalala usiku mbili simpitishi pale. Hata awe mgeni amelipa, namrudisha."

Nilitaka kubishana, nikajua yuko sahihi. Zamani njia ilikuwa ya siku moja. Aliyeweka sharti hakuwahi kufikiria usiku. Nilimweleza mama hivyo, polepole, nikitumaini atasema basi sharti limepitwa na wakati. Alisema, "Basi nendeni wawili wa damu. Mmoja akilala, mwingine ashike."

Wajomba hawahesabiwi hapa; damu ni mzazi na upande wa baba, na huko tulikuwa mimi na baba mdogo tu. Baba yetu alishafariki, na mama mwenyewe kwa nyonga zile hafiki hata sokoni.

Tulipotoka nje rafiki yangu alinishika bega. "Kaka, udongo ni udongo. Tukae Usangu siku nne tunakula wali na samaki, tuchote pembeni mwa barabara, tumletee mama. Atajuaje?"

"Hatajua."

"Wewe si huamini?"

"Siamini."

"Sasa?"

Swali hilo lilinikasirisha kuliko pendekezo lake. Nilimwambia tu kwamba hapana.

Baba mdogo anaishi mlimani juu ya jiji la Mbeya. Nilimkuta shambani anapalilia viazi. Alinikaribisha vizuri, akamwambia mkewe asonge ugali, akaniuliza habari za kazi na mimi nikamdanganya kidogo. Kisha nikamwambia kilichonileta.

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mwanangu. Umesoma mpaka chuo kikuu, umesafiri kutoka Iringa kuja kuniomba nikakeshe na mfuko wa udongo?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mimi nimeokoka. Unajua."

"Najua."

"Nitakwenda na wewe mpaka kwenye hilo jiwe. Miguu ninayo. Nitaomba pale, nitaimba, nitamlilia mwanangu. Lakini udongo sishiki. Yule hayumo kwenye udongo."

Nilijikuta natetea kitu ambacho maisha yangu yote nimekicheka. Nilisema si lazima aamini, ashike tu. Nilisema ni kama kumshikia mtu mtoto.

"Kushika ndiko kuamini," alisema. "Kama si hivyo, mbona hukutafuta kijana wa kumlipa?"

Mkewe alileta maji ya kunawa. Tulikula. Aliniombea safari njema, akanipa viazi vya kumpelekea mama, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono kama zamani nilipokuwa mtoto. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Niliporudi, mama aliniona usoni kabla sijatua mzigo.

"Amekataa."

"Anakubali kwenda. Anakataa kushika."

"Basi." Alipokea viazi, akavigeuza kimoja kimoja kutafuta vilivyooza. Hakukuwa na kilichooza. "Na wewe? Ungemwita?"

"Ningemwita kwa jina, kama ulivyonielekeza."

"Ungeamini anakusikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angeumia. Lakini alikuwa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na sijawahi kumdanganya mama akinitazama hivyo.

"Hapana, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Baba yako mdogo ana imani, lakini si hii. Wewe huna yoyote. Mwanangu hana watu." Akasogeza viazi ukutani. "Mwambie mwenzako aahirishe. Msiende kufia huko kwa ajili yangu."

"Tunaweza kungoja kiangazi kijacho, labda..."

"Labda nani wa damu atazaliwa?"

Nikatoka uani kumpigia rafiki yangu. Aliuliza kama tuiweke safari mwaka ujao, kama awaambie wenye kamba. Nilimwambia awarudishie. Akaniuliza kama mama yuko sawa. Niliporudi ndani mama alikuwa ameshajilaza kwenye mkeka, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, na amejifunika kanga mpaka kichwani. Nilikaa kwenye kochi. Bila kujifunua, aliniomba nifunge mlango, upepo unaingia.

Nikaufunga.