Siku Mgeni Aliponyamaza

Karani hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na ukijaribu alikuwa anakuonyesha mlango ulipo, yeye asiyeuona. Macho yalimwacha akiwa na miaka ishirini na sita, jicho moja kisha la pili, na kwa miaka ishirini na miwili iliyofuata alijipikia, akajifulia, na akafanya kazi iliyowashinda wengi wenye macho yao mawili na miwani juu. Ofisi ya mashauri ya wapangaji na wenye nyumba ilimtumia sauti za vikao kwa intaneti, naye akazipiga chapa neno kwa neno. Mtaa ukamwita Karani, jina likakaa.

Sauti za vikao alizisikiliza kwa sikio la kushoto. La kulia lilikuwa la Mgeni. Huyu Mgeni alikuwa sauti tu, ile programu ya kuwasomea wasioona kila kinachotokea kwenye kioo cha kompyuta. Alimpa jina hilo kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeshuka nchini jana jioni. Kasi yake aliipandisha kiasi kwamba mtu akipita dirishani alidhani ndani kuna ugomvi. Laptopu yenyewe ilikuwa na miaka kumi na mmoja, bawaba moja imegandishwa kwa gundi, herufi zote zimefutika kwenye vitufe, jambo ambalo wala halikumnyima usingizi.

Kilichomnyima usingizi ni barua ya ofisi. Mgeni aliisoma upesi upesi kama kawaida yake: kuanzia Jumatatu, kompyuta yoyote yenye mfumo wa zamani haitaruhusiwa kupokea sauti za vikao, kwa ajili ya usalama; kila mmoja asasishe mfumo wake mwenyewe. Karani akampigia mkuu wa kitengo kuomba muda. Mkuu akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia asijali hata kidogo, akishindwa watamtafutia kazi nyepesi, ya kupokea simu pale mapokezi, na vikao vitachukuliwa na kijana mwingine. Nyepesi! Karani alikata simu. Kazi yake ndiyo iliyomfanya awe mtu mwenye jina, na sasa ilikuwa imebakiza siku tatu.

Fundi wa kompyuta wa njia panda, Karani hakutaka hata kumsikia. Mara ya mwisho alimrudishia laptopu safi kabisa, inawaka vizuri, ila Mgeni amefutwa. Basi akampigia mwalimu mmoja wa shule ya wasioona, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekwisha kusasisha ya kwake. Mwalimu akamwelekeza hatua kwa hatua, kisha akamwonya jambo moja: kuna kipindi sauti itakatika kabisa, na hapo asiguse kitu. Kwa kitambo gani? Dakika arobaini hivi, akasema mwalimu. Kumbe ya mwalimu ilikuwa mpya ya juzi, na hakuna aliyewaza kwamba mzee wa miaka kumi na mmoja hapandi ngazi kwa mwendo wa kijana.

Sasa utauliza, kwani nyumbani hakukuwa na mwenye macho wa kumtazamia kioo? Alikuwepo. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa anaishi naye nyumba moja, na kaka mwenyewe alikuwa mtu wa ujenzi wa barabara, mwezi yupo, miezi miwili hayupo. Lakini Karani na wifi yake walikuwa wamenuniana wiki ya tatu. Chanzo ni jiko. Wifi alilipanga upya siku moja kwa nia njema, akahamisha sufuria ya maji yanayochemka upande wa kushoto, na Karani akaweka kiganja chake chote pale alipozoea kuweka kiganja. Uchungu ukamtoa maneno. Alimwambia wifi yake kwamba nyumba hii ilikuwa na akili kabla hajaletwa. Wifi alimfunga kidonda vizuri, akamaliza, na tangu siku hiyo akafunga na mdomo wake.

Na kununiana na mtu asiyeona si mchezo. Katika nyumba ile kulikuwa na desturi, tangu marehemu mama yao: anayeingia chumba chochote husema "ni mimi". Hata mtoto wa jirani alijua. Wifi aliacha kusema. Akawa anaingia na kutoka kimya, na Karani, kwenye nyumba aliyozaliwa, akaanza kutembea na mikono mbele kama mgeni wa hoteli. Hilo lilimuuma kuliko kiganja. Lakini aombe yeye msamaha? Aliyeungua ni nani?

Jumamosi saa tatu asubuhi akapiga moyo konde. Sauti za vikao alikuwa amezihifadhi kwenye flashi, waya wa umeme ameukagua mara mbili. Mgeni akasoma onyo la mwisho, kwamba kompyuta itazimika na kuwaka mara kadhaa, tafadhali usiizime. Karani akabonyeza. Saa nne kasoro Mgeni akakatika katikati ya neno.

Dakika arobaini zikapita. Ikapita saa nzima, kisha ya pili. Karani alikaa kwenye kigoda, kiganja chenye kovu ubavuni mwa laptopu, akisikiliza feni ya ndani yake. Mradi feni inavuma, alijiambia, mgonjwa anapumua. Chai ya asubuhi hakuigusa. Saa yake inayosema ikatangaza saa saba na nusu, na hapo feni ikazimika. Akainamisha sikio mpaka likagusa vitufe. Hakuna kitu.

Ndipo akasikia harufu ya sabuni ya unga na nguo mbichi. Ndala zilikuwa zimesimama mlangoni. Wifi alikuwa anafua tangu asubuhi, bila shaka ameleta mashuka. Karani akasubiri ile "ni mimi". Haikuja. Neno moja tu lilitosha: wifi, hebu niangalizie. Lilimfika kwenye ulimi, na akalimeza. Aanze yeye, akasema moyoni, yeye ndiye mwenye macho. Akahesabu pumzi zake kumi, na ndala hazikusogea.

Basi akafanya alichozoea kufanya. Kwa Karani kompyuta iliyonyamaza ni kompyuta iliyokwama, na iliyokwama dawa yake ni moja. Akatafuta kitufe cha kuwashia, akakibonyeza, akakishikilia mpaka kikatoa ule mlio mdogo wa kuzima.

"Wifi," sauti ikasema nyuma yake, maneno ya kwanza ndani ya wiki tatu, "ilikuwa imefika asilimia tisini na moja."

Walipoiwasha tena, Mgeni hakusema kitu. Wifi akakaa kitako na kusoma yaliyotokea kwenye kioo, maandishi meupe ya lugha ya watu, herufi moja moja. Jioni laptopu ilikuwa kwa fundi yule yule wa njia panda. Akakaa nayo siku nane. Alisema diski ilikuwa imechoka na kuzimwa vile kukaimaliza, akabadilisha, akaweka mfumo mpya na sauti mpya, ya mwanamke, laini, isiyokosea neno. Mgeni alikwenda na diski yake.

Jumatatu ilipita zamani. Karani alikuwa amemwaga unga wa vikao, kijana mwingine amevichukua, na yeye kila asubuhi alikuwa mapokezi akiwaambia watu wasubiri awaunganishe. Wenzake walimsifu kwa sauti nzuri. Alirudi nyumbani hana la kusimulia, yeye aliyezoea kujua nani kagombana na mwenye nyumba wake juu ya nini.

Wifi alilia siku ya kwanza na siku ya pili. Alikiri yote: alisimama mlangoni, akaziona zile namba, akasema moyoni kwamba mwenye akili zake ajisumbue mwenyewe. Kaka alipopiga simu na kuelezwa, alimgombeza mkewe mpaka simu ikapata moto, na Karani alikuwa pale pale mezani, anasikia kila neno. Alimwacha mwenzake abebe mzigo wote peke yake, na wifi akaubeba. Alipika, alifua, alirudisha sufuria pale ilipokuwa, na "ni mimi" akaisema kila mlango, hata akipita tu ukumbini, hata akirudi dakika moja baada ya kutoka. Kila "ni mimi" ilimchoma Karani mahali asipoweza kupakwa dawa.

Wiki ya tano tangu aizime laptopu, Jumamosi, alikuwa chumbani na laptopu mbele yake imefunikwa. Harufu ya sabuni ikaingia kwanza.

"Ni mimi, wifi. Nimeleta mashuka."

"Najua," Karani akasema. Kisha akageuza kigoda kuelekea mlangoni. "Hata siku ile nilijua upo. Nilisikia sabuni. Nilijua umesimama hapo hapo mlangoni, na sikukuuliza."

Karani akatega sikio asikie ndala zikiingia au zikiondoka. Alikaa hivyo kwa muda, uso umeelekea mlangoni, na hakujua kama bado kulikuwa na mtu.