Sinema ya Katoni ya Sabuni

Sisi tuliokulia Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kabla simu hazijajifunza kupiga picha, tulijua kwamba picha ni kitu cha kuvalia viatu. Ulioga, ukapakwa mafuta mpaka magotini, ukaenda kusimama mbele ya Tata Tshibangu, mzee mpiga picha wetu, na ukakatazwa kucheka. Vijana wa leo wanajipiga picha hata bukari, ugali wetu, ikiwa bado mdomoni. Mimi utotoni nilipigwa mara mbili tu, na zote mbili nimefumba macho.

Kwa hiyo msinicheke sana nikiwaambia kwamba niliwahi kujiita injinia wa sinema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeacha shule, nauza bitumbula, maandazi yetu ya kukaanga, mbele ya nyumba ili wadogo zangu wawili, Muteba na Rozi, wapate kula. Wazazi wetu walikufa pamoja, lori lilipopinduka kwenye barabara ya Musumba. Baada ya kilio, baba zetu wadogo walibeba viti, redio, mpaka picha ya baba na mama, maana fremu yake ilikuwa nzuri. Rozi alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alipoanza kusema vizuri aliniuliza mimi dada yake, "Yaya, mama alikuwa na sura gani?" Nikajibu, "Kama yangu." Akanitazama kwa muda kama mtu aliyeuziwa dagaa za kapenta mbovu.

Miaka hiyo kazi za mgodi zilikuwa zinakufa, sinema ya wafanyakazi imefungwa, na jirani zetu wenye asili ya jimbo la Kasai wanafukuzwa warudi "kwao", mahali ambapo wengi hawakuwahi kukanyaga. Tata Tshibangu, mzaliwa wa Musonoi, alikuwa akilala stesheni na familia yake kati ya magodoro, wakingoja wagoni ya treni. Nilimpelekea bitumbula, nikamwomba picha ya wazazi wetu.

"Mutoto yangu, mashini balishabeba, dawa ya kusafisha picha balimwanga," aliniambia. Lakini akafungua valizi, sanduku lake la safari, akapekua bahasha moja moja, akanipa kipande cha filamu. "Baba na mama yenu, siku ya ndoa." Akanipa na lupu yake, kioo cha kukuza, akanieleza namna ya kutupa picha ukutani. "Ila jua haina rafiki. Hesabu kumi, halafu utoshe kioo kwa jua."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye diploma. Nilitoboa katoni ya sabuni, nikabana filamu kati ya vipande viwili vya kioo, mbele yake nikaweka lupu. Tulifunga madirisha, tukatundika shuka ukutani. Muteba alisimama nje na kioo cha baba cha kunyolea, kile kinachokuza uso, akalipitisha jua kwenye tundu la mlango mpaka ndani ya katoni. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa sakafuni.

Picha ikatoka. Bwana na bibi arusi wananing'inia, miguu juu, kichwa chini.

"Ya! Bazazi benu ni popo?" aliuliza mmoja, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata injinia alicheka. Niligeuza filamu.

Sasa walisimama sawasawa. Kwa kuwa filamu ile hugeuza rangi, nguo ya arusi ilikuwa nyeusi tii, na nywele za mama nyeupe kama unga wa mihogo. Rozi alikwenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu ya shavu la mama. Hakuna aliyecheka tena.

Nilisahau kuhesabu. Au, niwe mkweli: nilifika saba, nikaanza upya.

Harufu ya kuungua ndiyo ilinishtua. Doa lilitokea kwenye kiatu cha baba, likapanda, na kabla sijaanza kupiga kelele, mama alikuwa amejikunja na kuisha. Rozi alibaki na mkono ukutani.

Nilikimbia stesheni kumwuliza Tata Tshibangu kama ana filamu nyingine. Wagoni ilikuwa imekuja. Aliniona chini, akainama mlangoni.

"Balionekana?"

"Balionekana, Tata."

"Ulihesabu?"

Nyuma yake mke wake alikuwa amekalia valizi yenye picha za nusu ya Musonoi. "Nilihesabu," nikasema. Akatabasamu, na wagoni ikaondoka.

Siku hizi wajukuu zangu wana picha elfu ndani ya simu, wala hawarudii hata moja. Sisi tulikuwa na moja, tukaitazama mpaka ikaungua. Rozi huwaambia wanawe kwamba bibi yao alikuwa na mvi, na mimi simsahihishi, ingawa mama alikufa bila unywele mmoja mweupe. Jumapili iliyopita nilipovua kitambaa ili anisuke nywele zangu, siku hizi nyeupe tupu, alisimama na kitana mkononi, akanitazama kwa muda, kama zamani.

"Yaya," akasema, "kumbe ulisema kweli. Munafanana."